Bibi, Njoo Uchukue

Gerezani, chumba namba 14
21 Machi

Dada Mereana, malkia wa visu na chaza,

Kama uko kiwandani, weka kisu chini kwanza, usije ukajikata kidole kwa furaha. Mdogo wako Teone, yule ambaye mwalimu wa hesabu alisema hatafika popote, ameishtaki serikali na ameishinda. Ndiyo, serikali yenyewe, na majengo yake na tai zake!

Unakumbuka walivyonifungia peke yangu baada ya ule ugomvi wa jikoni? Ilikuwa iwe siku kumi na nne. Wakanisahau humo siku thelathini na tatu, godoro limelowa, dari inavuja, taa haizimwi. Nikaandika malalamiko kwa mkono wangu huu huu, makosa yangu ya tahajia yakiwemo, na hakimu kasema nilipwe dola elfu kumi na tisa na mia nne. Askari wa zamu sasa ananiita Bwana Tajiri. Nikitoka nanunua pikipiki nyeusi na kuweka jino moja la dhahabu, hapa mbele, ili nikicheka watu wafumbe macho.

Sasa sikiliza upande usiopendeza. Pesa hizi sipewi mkononi. Kuna sheria: mfungwa akishinda fidia, fungu lake linakaa serikalini miezi sita, na yule ambaye mfungwa alimkosea anaandikiwa barua kwamba, kama una madai juu ya mtu huyu, leta sasa. Miezi yangu inaisha tarehe 18 Agosti, saa kumi na moja jioni. Pasipokuwa na mdai, zinakuwa zangu zote. Na aliyeandikiwa barua ni Bibi yetu Ripeka.

Sisemi sikukosea. Ndoo arobaini za ndege wake waliotiwa chumvi nilizibeba bila ruhusa, na gari lake nililiwasha. Lakini ule mguu wake kuvunjika ilikuwa ajali. Palikuwa na ukungu, nilirudisha gari nyuma, sikuona mtu. Nilisema hivyo mahakamani, wakanipa miaka minne, na ninaitumikia. Anidai nini tena?

Basi, Bibi yuko kisiwani na ukoo mzima wanavuna vifaranga wa ndege wa baharini mpaka mwisho wa Mei, na huko barua haifiki. Ufunguo wa sanduku lake la posta unao wewe. Mimi sikutumi kitu, maana barua hii inasomwa (shikamoo, Afisa wa Barua, mgongo unaendeleaje?). Nasema tu kwamba bahasha ndefu yenye nembo ya serikali ni mzigo mzito, na daktari alimkataza Bibi kubeba mizigo. Iache ipumzike.

Simu wameninyima. Andika.

Teone, mshindi


Motupōhue
4 Aprili

Teone,

Wewe mtoto huna haya hata kidogo. Barua nzima umejisifu kama jogoo, na Bibi umemtaja pale tu alipokugusa mfuko.

Bahasha imekuja tarehe 27. Iko juu ya friji, chini ya kopo la mkate. Sijaifungua. Kila nikinywa chai inanitazama.

Ngoja nikuambie kitu ambacho hukukiona. Nilimsindikiza Bibi hadi kisiwani, nikarudi na mashua siku ile ile kwa sababu ya kazi. Unajua zamani alivyokuwa: mashua ikiinuliwa na wimbi, yeye ndiye wa kwanza kuruka mwambani, na sketi yake kaishika kwa mkono mmoja. Safari hii alisimama ukingoni na fimbo yake, wimbi likaja, likaenda, likaja jingine. Hakuruka. Wakamtia kwenye lile kapu la waya la kupandishia makaa na magunia ya chumvi, wakamvuta juu ya jabali kwa winchi. Alikaa humo akishikilia kofia. Vijana wakawa wanaona aibu kuvuta. Akapiga kelele, "Vuteni! Mimi si chumvi, siyeyuki!"

Lakini jioni, kabla mashua haijaondoka, aliniambia kwamba kwenye kapu hatapanda tena. Helikopta ni dola elfu moja na mia tano kwenda na kurudi. Unajua analipwa nini na pensheni. Kwa hiyo huenda ukawa ndio msimu wake wa mwisho.

Sijasema nitaificha bahasha. Sijasema nitampa. Usinisukume.

Mereana


Gerezani
17 Aprili

Dada yangu mkali,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na habari ya kapu nimeiruka mara ya pili, sikufichi.

Sasa nisikilize, maana mimi ndiye nimeshinda kesi katika ukoo huu, si wewe. Bibi ndiye aliyenilea tangu nina miaka mitatu. Alinifundisha kunyonyoa ndege kabla sijajua kufunga kamba za viatu. Bibi gani anampeleka mjukuu wake serikalini mara mbili? Mara ya kwanza aliitwa shahidi, hakuwa na ujanja. Lakini hii ni hiari. Akijaza ile fomu ya madai ujue amenitupa, kanifuta kwenye picha za ukutani. Mimi nailinda familia, Dada. Wewe unadhani nalinda jino la dhahabu.

Na wewe sitakusahau. Elfu tano zako. Utanunua mashine ya kufulia, uache kuipiga teke hiyo uliyonayo.

Friji ni mahali pazuri. Pana ubaridi.

Teone


Motupōhue
8 Juni

Teone,

Wamerudi. Ndoo mia moja na tisini, ndege wanene, mvua kidogo. Bibi hakushuka kwenye mashimo ya vifaranga hata siku moja. Alikaa kibandani akinyonyoa na kutia chumvi, na kila kijana aliyeingia alimuuliza, "Shimo langu la karibu na mti ulioanguka, mmelifikia? Mmelifunika vizuri?"

Juzi alikuja kwangu kuchukua barua zake. Nikampa ya umeme, ya kanisa, ya daktari wa macho. Akazipanga mezani. Akaniuliza, "Ndizo zote?"

Nikasema, "Ndizo zote, Bibi."

Mimi! Nina miaka thelathini na moja, sijawahi kumdanganya hata kuhusu biskuti. Elfu tano zako kaa nazo, usinitajie tena. Nimefanya kwa sababu nami niliwaza kama wewe, kwamba akidai basi mmeachana, na sisi wengine tutalazimika kuchagua upande. Lakini tangu siku hiyo siwezi kumtazama usoni. Jana alinipikia viazi na ndege, nikasema nimeshiba. Akaifunika sahani.

Mereana


Gerezani
19 Juni

Dada shujaa,

Siku sitini tu zimebaki! Nimechora mistari ukutani na ninafuta mmoja kila asubuhi kama mtu anayesubiri Krismasi. Jamaa wa chumba cha jirani ameniuliza nitamnunulia nini, nikamwambia sabuni, anaihitaji.

Usijitese. Usipoharibu sasa tumefika.

Anatembea na fimbo moja au mbili?

Teone


Motupōhue
13 Julai

Teone,

Nimempa. Sikuweza tena.

Jumapili, baada ya ibada, niliiweka mbele yake na kopo lote la mkate, kama mjinga. Nikamwambia, "Bibi, hii ilikuja Machi. Nimeificha. Teone aliniomba." Alivaa miwani. Aliisoma polepole, kurasa zote nne, kidole chini ya kila mstari. Akaikunja, akaweka birika juu yake.

Nilingoja kofi. Akasema, "Chai yako inapoa."

Nikamwambia bado kuna muda hadi tarehe 18, nitampeleka mjini mwenyewe. Akasema hatajaza fomu yoyote. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Huyo simjui," akainuka kwenda kulisha kuku.

Basi umeshinda, mdogo wangu. Hatadai. Furahi peke yako.

Mereana


Gerezani
21 Julai

Dada,

Nilikuambia! Nilikuambia Bibi hawezi kunifanyia hivyo. Nimewatangazia korido nzima, wamenipigia milango kwa vikombe mpaka askari akaja.

Lakini hilo neno la "simjui", alilisema vipi? Alikuwa anacheka? Bibi ana utani wake, unajua, wa kusema kitu uso umekauka. Niandikie maneno yake yote, kama yalivyotoka, usifupishe. Na kama alitikisa kichwa niambie alivyotikisa.

Teone


Motupōhue
28 Julai

Teone,

Hakuwa anacheka.

Nilimrudia Jumatano. Nikamwambia, "Bibi, Teone anadhani ukidai utakuwa umemtupa, kwa hiyo amefurahi hudai." Aliacha kusuka kapu. Akasema, "Nani amewafundisha ninyi watoto upuuzi huu?" Kisha akanisimulia. Nakuandikia kama alivyosema.

Alipokuwa na miaka sita, baba yake alichoma majani akaacha moto bila mtu, ukakimbia, mtoto wa jirani akaungua mkono. Siku ya tatu ndugu wa yule mtoto wakaja, watu ishirini, na mikokoteni. Ndiyo muru, desturi ya zamani ya kuchukua mali ya aliyekosa kufidia kosa. Mambo hayo yalikuwa yanakufa, lakini wazee wa huku walikuwa hawajayaacha. Walichukua nguruwe, nyavu, vitanda, saa ya ukutani, mpaka sufuria zikiwa bado moto. Nikasema, "Maskini, mlilia sana." Akasema, "Kulia? Mama yangu alikuwa ameamka alfajiri kuwapikia! Mikunga na viazi. Alivaa kofia yake ya kanisani. Waliingia, wakala wakashiba, ndipo wakabeba. Na baba alisimama mlangoni akiwaonyesha walichosahau."

Nikamuuliza alikuwa anafurahia nini. Akasema, "Walikuja, mtoto we! Mtu asiye kitu nani atahangaika kuja kwake na mikokoteni? Wiki ile ile walimwita baba kuvuta nyavu pamoja nao, zile zile walizomchukulia. Kulikuwa na nyumba nyingine ng'ambo ya mto. Kijana wao alimvunja mtu taya. Mama yao alipika siku tatu. Hakuja mtu. Mwaka haukuisha wakahama."

Kisha akasema haya, na hakutikisa kichwa: "Mtu huchukua kwa mtu wake. Huyo aliyeniona mimi ni barua ya kufichwa juu ya friji, huyo ni mgeni. Kwa mgeni sichukui hata kijiko."

Mereana


Gerezani
1 Agosti

Kwa Bibi Ripeka,

Bibi ni mimi Teone. Njoo uchukue. Chukua zote. Nilikosea, nilidhani ni kinyume chake. Jaza hiyo fomu nakuomba, tarehe 18 ndiyo mwisho, usiseme hunijui

[Muhuri wa ofisi ya barua ya gereza: IMEREJESHWA KWA MFUNGWA. Hairuhusiwi kumwandikia mtu uliyemtendea kosa bila idhini yake.]


Gerezani
4 Agosti

Dada Mereana,

Wamenirudishia barua niliyomwandikia Bibi. Sheria ni ya kumlinda nisije nikamtisha ili asidai. Mimi namwomba adai! Nimemweleza Afisa wa Barua kupitia tundu la mlango, amenijibu, "Kanuni ni kanuni, Bwana Tajiri." Kwa hiyo wewe ndiwe mdomo wangu.

Msomee hii kwa sauti. Mwambie zichukuliwe zote elfu kumi na tisa na mia nne, asibakize hata ya sabuni. Aende kisiwani kwa helikopta akiwa amekaa mbele na rubani. Mwambie aongeze na redio yangu iliyoko kwa mjomba, na viatu vyangu vya mpira, na zile nguo za sanduku la bluu. Sina nguruwe. Mwambie nilicheka hapa korido nzima nikapigiwa vikombe, na sasa nikilala naona nyumba ile ya ng'ambo ya mto, sufuria zimejaa na hakuna anayekuja.

Siku kumi na nne, Dada. Leo sijafuta mstari.

Teone


Motupōhue
10 Agosti

Teone,

Nimemsomea mara mbili. Ya pili aliniambia niache, ameshasikia.

Nikaona mkono wake unachezea kile kitambaa cha mezani, nikadhani tumempata. Kisha akaniuliza, "Hizo pesa amezishika lini mkononi?" Nikasema hajawahi. "Redio aliinunua nani?" Nikasema wewe, Bibi. "Basi anakaribisha watu kwa vitu ambavyo si vyake."

Nikamwambia, Bibi, yuko gerezani, unataka apike nini?

Akasema, "Nyumba inayotaka kuchukuliwa haifichi. Mama yangu hakuficha hata kijiko cha mtoto. Huyu kuna kitu amekificha tangu siku ile, na anajua, na mimi najua. Mwambie akitoe mezani, nione kama nitakuja."

Akakataa kusema ni kitu gani. Nimemuuliza mpaka akanifukuza.

Ni kitu gani, Teone? Unacho? Kama unacho, fanya haraka. Ofisi ni ya mjini, na posta ya huko kwenu unaijua.

Mereana


Gerezani
14 Agosti

Mereana,

Barua yako imenifikia leo mchana. Naandika mara moja ili iende na gari la jioni.

Ninacho.

Mwezi wa kumi nakaa mbele ya bodi ya kuachiliwa mapema. Kwenye faili langu imeandikwa ajali. Afisa wa Barua, hii unaisoma sasa hivi, na ukitaka kuipeleka juu ipeleke, ila kwanza iachie iende posta. Nakuomba. Leo sina utani.

Msomee Bibi.

Nilikuona. Ukungu ulikuwepo lakini si mwingi vile. Nilikuona kwenye kioo cha pembeni. Ulikuwa na lile koti la manjano la mvua na umeinua mkono, si wa kunipiga, ni ule wa kumsimamisha mtoto asikimbilie barabarani. Uliniita. Nilisikia. Hukuniita mwizi, uliniita Teone. Nikasema moyoni atasogea, Bibi husogea tu, maisha yangu yote nikija kwa fujo wewe husogea. Nikakanyaga mafuta. Halafu nikasikia, na sikusimama, kwa sababu nilijua ni nini.

Mahakamani wakili aliniuliza kama niliona mtu, na wewe ulikuwa umekaa pale na mguu umenyooshwa, unanitazama, unangoja. Nikasema sikuona. Ulipoitwa useme, ukasema, "Palikuwa na ukungu." Uliniachia uongo wangu, nami nikatembea nao miaka miwili nikauita ajali.

Sina kingine. Hii ndiyo nyumba yote.

Teone


Motupōhue
18 Agosti, usiku

Teone,

Barua yako imefika leo saa sita. Mereana amekuja nayo kwangu mbio kutoka kiwandani, aproni yake imejaa maganda ya chaza, ananuka bahari nzima. Ameisoma akiwa amesimama. Alipofika kwenye kioo akashindwa, nikaichukua nikamalizia mwenyewe.

Ni chakula kichungu umekipika. Nimekula.

Nimevaa kofia yangu ya kanisani, tukaondoka. Njiani palikuwa na lori la mbao limelala barabarani, tumesimama saa moja na nusu, Mereana anapiga usukani na kumtukana dereva ambaye hata hayupo. Tumefika ofisini saa kumi na nusu. Ngazi ni kumi na mbili, nimezihesabu kwa mguu huu wako uliouvunja. Karani alikuwa anavaa koti. Nimemwambia, "Livue."

Nimedai zote. Akaniambia, mama, kwa kawaida watu hudai sehemu, na mwenye kuamua ni hakimu. Nikamwambia hakimu aamue anavyotaka, mimi sikuja kubembeleza, nimekuja kuchukua kwa mjukuu wangu. Redio pia nitaifuata kwa mjomba wako wiki ijayo, na viatu, na sanduku la bluu, hata kama nguo zimeliwa na nondo. Mereana atakuja na gari. Wengine wamesikia na wanataka kuja. Tutakuwa watu tisa.

Kuhusu bodi yako ya mwezi wa kumi, nimeandika idhini. Sasa unaweza kuniandikia moja kwa moja, na mimi nitakuja kukaa pale. Wakiniuliza nitasema niliyoyaona, na wewe utasema uliyoyaona, na safari hii yafanane. Wakikuongezea muda, utautumikia.

Fomu ilikuwa na swali moja lililomfanya karani aniangalie. Wanauliza, mdai ana uhusiano gani na mfungwa. Akaninong'oneza kwamba wengi huacha wazi au huandika hakuna. Ilikuwa imebaki dakika nne. Nimemwomba kalamu yake, kwa sababu yangu ilikuwa imekauka, nikaandika mwenyewe, bila kusaidiwa,

Bibi yake,
Ripeka